Mwalimu Anaclet Alipotoka Nduta

Siku ya mtihani wa Esteri, saa moja asubuhi, ua wangu hapa Kibondo ulikuwa umeshajaa. Mimi mwenyewe niliwaita majirani. Esteri ni mpangaji wangu, anataka kazi ya ukalimani kwenye zahanati ya kambi ya Nduta, hii ni mara ya tatu na ya mwisho, akifeli mjomba wake anamrudisha Munanila kulima. Tusimpe moyo?

Mara Anaclet huyo na baiskeli, vumbi hadi kwenye nyusi. Ni mkimbizi wa Burundi, ndiye aliyemfundisha Kiingereza kule kambini.

"Esteri, mwana wanje, nimekupoteza! Ile 'a' na 'an' nilikufundisha kwa akili ya Kifaransa. Kwetu ushauri unahesabika. Kwa Waingereza hauhesabiki. Usiandike 'an advice', wala 'an information'."

"Mwalimu! Saa mbili naingia!"

"Ndiyo maana nimekuja. Yai unahesabu, weka 'an'. Unga unachota, usiweke kitu."

"Na 'furniture'? Viti si nahesabu?"

"Hiyo nayo ni unga."

"Jamani, tumekalia ugali!" akadakia Lukmani wa duka la jirani. Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nikapaza sauti juu ya ukuta: njooni, mwalimu wa kambini amefika!

Esteri hakucheka. Alikuwa anafuta daftari kwa kidole chenye mate, karatasi inatoboka, machozi yanamtoka.

Aliyeitika wito wangu ni mgambo.

"Mzee, kibali cha kutoka kambini kiko wapi?"

"Vibali vinaanza kutolewa saa tatu, afande. Mtihani ni saa mbili."

Mgambo akampakia kwenye pikipiki kumpeleka kituo cha polisi. "Genda, Esteri!" Anaclet akapiga kelele. "Nenda kwenye mtihani!"

"Na wewe nani atakusemea?" Esteri akavua viatu, akaikimbilia ile pikipiki.

Mimi nikakimbilia ukumbi wa mtihani. Msimamizi alikuwa ameshika kitasa.

"Baba, mngojee Esteri, nakuomba."

"Yuko wapi?"

"Kituoni. Ni mimi, baba, mdomo wangu. Niliita watu."

"Mama, sikuelewi." Akafunga.

Nikachungulia dirishani. Wenzake walikuwa wameinama wanaandika. Kwenye kiti kimoja kitupu, karatasi ilikuwa bado imelala kifudifudi.