Jua la Kwa Dobi

Shuka la kwanza kumkaukia binti mikononi lilikuwa la nyumba ya wageni, jeupe, la kitanda cha watu wawili, lenye alama ya kuungua pasi kwenye pindo. Alikuwa ndiyo kwanza amelikamua kutoka beseni la maji ya mwisho. Alilikung'uta mara moja ili alitupe kambani, na kabla hajashika kibanio lilikuwa limeshakauka, linalia kama karatasi. Nje mvua ilikuwa inanyesha, kama ilivyonyesha jana na juzi yake. Mle chumba cha nyuma nguo za tangu mwanzo wa wiki zilikuwa bado zinaning'inia mbichi, zimeanza kunuka uvundo.

Mpiga pasi alikuwa amekaa bila kazi. Aliligusa lile shuka kwa mgongo wa kiganja, akalinusa.

"Limekauka," alisema. "Sasa unaliangalia nini? Lete."

Akampa. Akachukua la pili, nalo likakauka. Ilipofika saa ya chai kamba moja nzima ilikuwa imeisha, na mpiga pasi alilalamika kwamba anasukumwa kama punda.

Pale kwa dobi jina lake lilikuwa Fenesi. Mpiga pasi ndiye aliyempa wiki ile aliyoanza kazi, kwa ajili ya chunusi, na yeye hakununa, kwa sababu shuleni alikuwa ameitwa mabaya zaidi. Zilimwanza alipovunja ungo na zikapapenda. Hazikuwa zile za kuja na kuondoka. Zilikuwa vijipu vya chini kwa chini, vyenye mizizi. Hiki kikipona kinaacha shimo, kingine kinaamka jirani. Alikuwa ameshajaribu sabuni ya kijani, shubiri, dawa ya meno, maji ya mchele, na ushauri wa kila mwanamke aliyewahi kukaa naye kiti kimoja. Bosi alimweka nyuma, kwenye mabeseni.

"Kaunta ndiyo uso wa biashara, mwanangu," bosi alimwambia, bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza kwa nini ndoo inakaa chini ya bomba. "Mteja akikuona wewe anaanza kujikuna."

Bosi alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, na hakuwa mchoyo wa msaada. Daktari wa ngozi alikuwa anafulia makoti yake pale. Siku moja alipokuja kuyachukua, bosi aliegemea kaunta akamwambia kuna binti huku nyuma ana uso wa kutia huruma. Daktari akasema mlete. Bosi akamwahidi binti kwamba uso ukisafika, kiti cha kaunta ni chake.

Dawa yenyewe ilikuwa vidonge laini, vya rangi ya kutu, na masharti yake yalikuwa marefu kuliko ya ndoa. Asishike mimba. Asichangie damu. Asimpe mwingine hata akililiwa. Apimwe ini kila baada ya muda. Ameze na chakula chenye mafuta.

"Na utakauka kidogo," daktari alisema.

"Kukauka vipi, daktari?"

"Midomo. Inatarajiwa."

Mwezi wa kwanza uso uliharibika zaidi, mpaka mpiga pasi akaacha utani, na hilo ndilo lililomtisha. Midomo ilimbambuka kama kitunguu. Alijipaka mafuta ya mgando asubuhi, mchana na jioni, akajifunza kucheka mdomo umefungwa. Akiamka anakuta damu ya pua kwenye foronya. Magoti yalimuuma kama ya bibi, na akipepesa macho alisikia yanavyokwaruza. Halafu vile vijipu vikaanza kunywea kimoja kimoja, na ukavu ukatoka nje ya ngozi yake ukaanza kutembea naye. Chai ilimwishia kikombeni kabla hajafika katikati. Sabuni ya mche ilipasuka akiishika. Kisha likaja lile shuka.

Bosi aliposikia alikuja kutazama, akahesabu kamba kwa macho, akasema "Alhamdulillahi" kwa ile sauti yake ndogo. Tangu siku hiyo binti hakugusa beseni tena. Kazi yake ikawa kupita katikati ya kamba, taratibu, kwenda na kurudi, kama mtu anayekagua gwaride. Madobi wengine wa mtaa walikuwa wanarudisha nguo mbichi na kuomba radhi. Pale nguo zilitoka siku hiyo hiyo. Hoteli zikahamia, hospitali ikahamia. Mpiga pasi akambadilisha jina, akamwita Jua.

"Jua, chomoza huku," alikuwa anasema. "Soksi za watu zinalia."

Alikuwa anaishi kwa dada yake mkubwa, nyumba ya vyumba viwili, pamoja na shemeji yake ambaye alikuwa fundi rangi, na mtoto wao mchanga wa kwanza, aliyepatikana baada ya kungojwa sana. Shemeji aliizoea hali ile upesi.

"Shemeji, rangi yangu imeota ngozi tena," alisema asubuhi moja, akichokoa kopo kwa kijiti. "Ukitaka kupita hapa piga hodi." Lakini Jumapili alimchukua kwenye nyumba aliyokuwa anapaka, akamsimamisha sebuleni, na mkono wa kwanza wa rangi ukakauka wakati yeye anachanganya wa pili. Alimsifu njia nzima. Majirani nao, paa likivuja, walituma mtu kumwita.

Dada ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alimshika kidevu dirishani, akamgeuza huku na huku penye mwanga.

"Uso huu nimeuomba tangu unasoma," alisema. "Sasa hata nikifa leo."

"Usiseme hivyo, dada."

"Nasema. Angalia shavu hilo. Nzi akitua anateleza."

Binti hakuwa msemaji, lakini alikuwa na jicho. Aliona kwamba akirudi kutoka kazini, kifua cha gauni la dada kina madoa ya maziwa yaliyochuruzika, na madoa hayo hukauka yeye akiwa bado anavua viatu. Aliona kwamba mtoto ananyonya vizuri mpaka yeye aingie, halafu anaachia ziwa, analitazama, analishika tena, analia. Jumapili ambayo hakutoka, mtoto alilia tangu alfajiri, na dada alikunywa uji sufuria nzima bila kupata tone. Binti akaanza kukawia kurudi. Alikaa barazani mvua ikimpiga, na haikumlowesha. Walipompeleka mtoto kupimwa uzito, muuguzi alimgombeza dada mbele za watu, akamwambia mama anayejipenda kuliko mwanawe hujulikana kwa mizani.

Jioni ile binti alizungumzia mlangoni, mguu mmoja nje.

"Dada, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Maziwa. Mimi ndiye ninayeyakausha."

Dada alikuwa anamfunga mtoto nepi. Hakuinua kichwa. "Umeanza lini kuwa Mungu wa maziwa yangu?"

"Tangu ile dawa. Si unaona vikombe?"

"Vikombe ni vikombe. Ingia ndani, unaachia baridi."

Akaingia. Mtoto akaachia ziwa. Dada alimweka upande wa pili, kisha akamrudisha upande wa kwanza, na wote wawili wakatazama ukutani, kila mmoja ukuta wake.

Kliniki ya ngozi ilikuwa na benchi moja refu, na waliolikalia wote walikuwa wa kidonge kile cha rangi ya kutu. Walijuana kwa midomo. Kulikuwa na kijana mwalimu wa darasa la kwanza, shingo imepona nusu. Alisema yeye ni wino. Kalamu yoyote akiishika inakufa, kwa hiyo anasahihisha kwa penseli, na mwalimu mkuu ameshamwandikia onyo. Pembeni yake alikaa msichana wa sekondari mwenye uso mzuri kabisa, mtulivu, mikono mapajani.

"Na wewe, mdogo wangu?" mwalimu alimuuliza.

"Machozi," alisema yule msichana. "Tulimzika mama mwezi uliopita. Mashangazi wanasema nina moyo wa jiwe."

"Ulimwambia daktari?"

"Nilimwambia. Amesema inatarajiwa."

Mwalimu akazungusha kopo lake la mafuta ya mgando, kila mtu akachovya kidole.

Zamu ya binti ilipofika, daktari aliinuka kitini kumtazama vizuri. Aliwasha taa yake ndogo, akampitishia shavuni, akatabasamu kama mpishi aliyefunua sufuria.

"Huu sasa ndio uso. Kuna shida nyingine?"

"Maziwa ya dada yangu yanakauka, daktari. Mtoto anakonda."

"Dada yako anatumia dawa hii?"

"Hapana. Naitumia mimi. Lakini tunalala nyumba moja."

"Basi hayo si madhara ya dawa," daktari alisema kwa upole. "Madhara ni ya mtumiaji. Wewe mtumiaji unajisikiaje?"

"Nataka kuacha."

Daktari alizima taa. Alimweleza kwamba dozi haikatwi njiani, kwamba ukiikata chunusi hurudi na ndugu zake, kwamba kwa maoni yake wangeirefusha kidogo, mpaka mvua hizi zipite, ili kuwa na uhakika. Akaandika. Kisha akauliza makoti yake yatakuwa tayari Alhamisi au ayafuate Ijumaa.

"Yatakuwa tayari," alisema binti, kwa sababu yalikuwa tayari.

Akaamua kuacha mwenyewe. Kila asubuhi alikiweka kidonge chini ya ulimi, akakitema chooni. Ukavu haukupungua, kwa maana dawa ilikuwa imeshalowea mwilini. Kilichorudi haraka ni kijipu kimoja, kidevuni, chekundu, na bosi alikiona kabla hata hajamsalimia.

"Hiki nini?"

"Joto, mama."

"Joto, kwenye mvua hii?" Bosi hakupandisha sauti. Alimshika mkono akampeleka kwenye kiti, akamkaangia mayai mawili kwa mafuta mengi kwenye jiko la wafanyakazi, akamngojea ayamalize. Kisha akakitoa kidonge mkobani mwa binti yeye mwenyewe, akamwekea ulimini, akampa maji ambayo ilibidi ayanywe upesi. "Fungua mdomo. Inua ulimi. Haya. Mimi mwana wangu wa kuzaa sijamfanyia hivi." Kuanzia hapo ilikuwa hivyo kila siku, na mayai yalikuwa mazuri.

Mtoto alipopimwa tena, mizani ilikuwa imerudi nyuma. Muuguzi safari hii hakugombeza. Alimtazama tu dada, akaandika jina la hospitali kubwa. Nyumbani shemeji alikaa na kopo la rangi mapajani bila kulifungua. Dada alimlaza mtoto, akatandika mkeka wa binti mahali pake pa kila siku, kando ya kitanda. Halafu akausogeza hadi ukutani. Halafu akausogeza hadi mlangoni, akaulainisha kwa kiganja, akabaki amechuchumaa pale hajui aende nao wapi tena.

Binti aliuchukua mkeka, akaukunja.

"Nitalala kazini, dada. Mpaka dozi iishe."

"Nani amekufukuza?"

"Hakuna."

"Basi usije ukasema nimekufukuza."

"Sitasema."

Alimwomba bosi kesho yake asubuhi, akiogopa kwamba atakataa. Bosi alikubali kabla sentensi haijaisha. Godoro lilikuwa limeshawekwa katikati ya kamba, jipya, bado lina plastiki yake, pamoja na mto na kiti cha mikono. Ilionekana lilikuwa pale siku kadhaa, nyuma ya mapazia ya hoteli.

Akahamia. Kidevu kikasafika. Uso ukawa kama maziwa yaliyotulia, bila alama hata moja, na wateja wakausifia sana, kwani bosi akisikia mtu analalamikia ngozi yake alimfungulia mlango wa nyuma na kumwonyesha kwa kidole. "Yule pale. Mngemwona mwaka jana." Kwenye kiti cha kaunta aliajiriwa msichana mwingine, mwenye uso wa kawaida. Bosi alieleza kwamba kaunta mtu yeyote anaweza kukaa.

Mchana mmoja wa mvua kubwa, mpiga pasi alimwita dirishani. Ng'ambo ya barabara, chini ya upenu wa duka la makufuli, dada alikuwa amesimama na mwavuli, mtoto kifuani ndani ya kanga. Aliifunua kidogo ili aonekane. Mashavu yalikuwa yamejaa. Alikuwa ananyonya kwa bidii, mkono mmoja umeshika ziwa kama mtu anayeogopa kunyang'anywa, na maziwa yalimzidi, yakamshuka kidevuni yakaingia kwenye mikunjo ya shingo. Kifua cha gauni kilikuwa kimelowa chote. Dada alicheka, akanyanyua sauti juu ya mvua.

"Umemwona? Umemwona alivyo?"

"Nimemwona!"

"Na wewe umependeza, mdogo wangu! Uso umekaa!"

Binti akafungua dirisha, akatoa kichwa na mkono ili amwone vizuri. Mbele yake mvua ikakoma, upana wa mlango hivi, na ule ukavu ukaanza kukatiza barabara, lami ikigeuka rangi kuelekea upenuni. Dada aliutazama ukija. Bado anacheka, bado anampungia, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo ukagusa mlango wa duka, akaifunika kanga.

Binti akaingiza mkono, akafunga dirisha.

"Jua," mpiga pasi aliita kutoka kwenye meza yake. "Hizi za kulia bado mbichi."

Akageuka, akapita upande wa kulia.