Kurasa Arobaini na Mbili

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne, ubao wangu ulikuwa umefutwa. Mahali pa mlinganyo nilioandika jana yake palikuwa na 7 × 8 = 54, kwa mwandiko usio wangu.

"Usijali, Mwalimu," alisema mwongozaji wa filamu iliyokuwa ikipigwa shuleni kwetu. "Mwalimu wa kwenye hadithi ni mlevi, lazima akosee. Wanafunzi ni mambumbumbu mpaka shujaa aje awaokoe."

"Tumepandishwa cheo jamani!" mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, na darasa zima likacheka. Mimi pia nilitabasamu. Nakiri.

Mwongozaji akaomba daftari moja, lililo safi, la kuonyeshwa kidogo tu. Nilimpa la Rula, msichana aliyeitwa hivyo kwa unyoofu wa mistari yake. Lilikuwa na kurasa arobaini na mbili za michoro ya jiometri, kazi ya miezi mitano. Ijumaa mtahini angekuja kuikagua, kwa kuwa shule ya ufundi ilikuwa na nafasi moja tu na Rula alikuwa akiiwania. Sikumuuliza Rula. Sikuuliza pia litaonyeshwaje.

Mwigizaji wa nafasi ya mwalimu mlevi, fimbo mkononi, alilishika, akalichana katikati, akalitupa dirishani.

Shuleni kwetu fimbo ilikuwa imepigwa marufuku miaka minane kabla.

Rula alilia. Nilisubiri neno la kusimamisha kamera. Badala yake mwongozaji alimwashiria mpigapicha asogee karibu na uso wake. Nikaingia katikati, nikaziba lenzi kwa mkono.

"Mwalimu, unatutia aibu mbele ya wageni," mkuu wa shule alisema kutoka mlangoni.

"Aibu ipi, Mkuu? Hiyo ya kwangu au hiyo iliyoko chini ya dirisha?"

Mwongozaji alijibu kwa niaba yake: "Machozi ya kweli, dada yangu, hayaigizwi. Tumeshayapata."

Tuliunganisha kurasa kwa gundi kwa siku tatu. Mtahini alizipindua kwa ncha ya kalamu. Nilimpa maelezo yangu kwa maandishi, yametiwa saini. Alisema fomu yake haina sehemu ya maelezo. Akajaza: kazi haikuwasilishwa. Nafasi ilikwenda kwingine.

Miezi tisa baadaye filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa mji. Rula hakuja, alikuwa zamu, akipanga viatu dukani kwa shangazi yake. Shujaa alipowafundisha mambumbumbu kujumlisha, watu walisimama wakapiga makofi. Walikuwa wakiwashangilia wanafunzi wangu kwa kujifunza walichokijua tangu utotoni. Daftari lilipochanwa walicheka. Uso wa Rula ulipojaa ukutani, mama mmoja mbele yangu alijifuta macho.

"Mtoto anajua kuigiza huyo!"

"Haigizi," nilisema, nikisimama.

"Shh! Kaa chini, dada, unatuziba," alisema mtu nyuma yangu.

Nilikwenda kwenye swichi karibu na mlango, nikawasha taa zote.