Herufi za Dorca

"CD4 ni ya nini, Baba Terry?"

Lornah aliitupa karatasi juu ya gurudumu ambalo Dalmas alikuwa akilinyoosha. Aliikuta mfukoni mwa suruali ya mumewe aliyotaka kufua, akaja nayo mpaka soko la Kibuye, mikono bado ina povu.

"Ni ya TB," Dalmas alisema, akakohoa kwenye kitambaa.

"TB inapimwa na makohozi. Hii ni damu. Dada yangu Dorca, mpaka tunamzika, karatasi zake zote zilikuwa na hii CD4."

"Nesi alisema TB pia inamaliza askari wa damu, hata kwa mtu hana virusi vya Ukimwi. Wanaangalia kama dawa itawarudisha."

"Nesi alisema! Miaka kumi na moja, Dalmas, na bado unanidanganya?"

Frankline, mwenye baiskeli, aliangalia simu yake. "Fundi, kaza spoki kwanza. Ndoa inaweza ngoja, mimi nina abiria."

Dalmas alizungusha gurudumu, likayumba. Spoki moja ilikuwa imelegea. Aliijua kazi yake: moja ikilegea, zinazokatika ni zile za jirani.

"Kesho naenda kwa mama, Maseno," Lornah alisema. "Na Terry."

"Twende kliniki kwanza. Sasa hivi."

Aliacha gurudumu likining'inia. Frankline alimtukana mpaka walipopotea kati ya vibanda vya mitumba.

Nesi Akinyi alimuuliza Dalmas kama afungue faili mbele ya mkewe. Dalmas akakubali. Virusi, hakuna. CD4, mia tatu na kumi.

"Mama, TB peke yake inaweza kuiangusha hivi. Akimeza dawa vizuri, mara nyingi inapanda."

"Faili inaandikwa na mtu. Mpime tena. Nikiona."

Akinyi alimdunga Dalmas kidole, akaweka tone kwenye kipimo. "Dakika kumi na tano."

Feni ilizunguka. Lornah alitazama tone likisambaa, kisha akanyoosha mkono wake.

"Na mimi," alisema. Sauti haikuwa ile ya Kibuye.

Dalmas alimgeukia. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwaza kumuuliza kama naye amepimwa.

Vipimo viwili vilikaa mezani, kimoja kando ya kingine. Kwenye cha Dalmas mstari wa kwanza ulishatokea, na nafasi ya pili, ile ya virusi, ilikuwa bado nyeupe. Hakukitazama. Alikuwa ameinama juu ya kile cha Lornah, kitambaa mdomoni, akijizuia kukohoa.