Trekta Halijiendeshi

"...Wao wakaja, wakalima makaburi ya watu wetu, wakapanda mkonge juu yake." Yusta alimaliza kusoma, akashusha karatasi. Darasa zima la uandishi likapiga makofi. Nusu yao walitoka kwenye kambi za mkonge kama yeye, na hasira yake ilikuwa yao.

Mwalimu Munira hakupiga. Muhula mzima alikuwa akiwafundisha kuandika juu ya haki katika jamii, na alikuwa na tabia ya kusubiri makofi yaishe ndipo aulize.

"Hao 'wao' ni akina nani, Yusta?"

"Wenye shamba, madamu."

"Wenye shamba walikuwa ofisini. Trekta halijiendeshi. Nani alishika usukani? Kaulize, uandike upya, utusomee Jumatatu."

Yusta alikasirika. Aliona mwalimu anawaacha wakubwa na kumtafutia lawama kibarua. Hata hivyo swali lilimkaa kama mwiba, kila akigeuka linamchoma.

Jumamosi alirudi nyumbani, kambi ya Kwamndolwa, kwenye maziko ya mzee Habakuki, mkata mkonge wa zamani. Kambini, marehemu awe Mkristo awe Mwislamu, wanaume hupokezana chepe kufukia kaburi. Ukishatupia udongo wako unampa aliye kando yako, hata kama hamsalimiani. Yusta alisimama na wanawake kama siku zote, ila safari hii alitazama kama alivyofundishwa: si aliye katikati, bali aliyeachwa pembeni. Akamwona Valentino, baba yake, amekunja mikono ya shati tayari. Chepe likafika kwa mtu wa kulia kwake, likamruka, likaenda kwa wa kushoto. Likarudi, likamruka tena. Baba hakushtuka. Alikuwa amezoea, na Yusta miaka yote alidhani wanamhurumia mgongo wake mbovu.

Jioni, jua halijazama, alimkuta uani akinoa jembe.

"Baba, mwaka ule nilipokuwa Handeni kwa shangazi, nani alilima makaburi?"

Valentino alinoa kidogo, kisha akaacha.

"Ni mimi."

Yusta akakaa chini palepale. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema; naye alikuwa ameusema msemo huo mara nyingi bila kujipapasa.

"Nyapara aliniambia nikikataa, trekta atapanda dereva mwingine," baba aliendelea. "Nikaona heri niwe mimi. Nikifika kwenye kaburi la mama, nitainua plau lisiguse."

Kweli, katikati ya mkonge kulibaki kipande kidogo kisichoguswa, na msalaba wa bibi yake umesimama. Katika insha yake Yusta alikuwa ameandika kwamba huo ni muujiza.

"Na kwa wengine, baba? Hukuinua?"

"Wengine hawakuwa mama yangu."

Aliyatamka polepole, kama mtu anayeyasikia maneno yake kwa mara ya kwanza. Yusta alimchukia, papo hapo akamhurumia, kisha akajichukia kwa kumhurumia. Akiacha "wao", insha yake ni uongo mtupu. Akiandika jina, amemvua nguo baba yake mzazi mbele ya chuo na kambi nzima.

"Nitaandika jina lako," alisema, machozi yakimtoka.

"Andika. Lakini kabla ya wanachuo, asikie kwanza mama Edna."

Mama Edna ni Josefina, jirani yao. Edna, mtoto wake pekee, alizikwa kwenye makaburi yale kabla hajaota meno. Mama yake Yusta alipofariki, Josefina ndiye aliyemlisha uji na kumchapa alipostahili, lakini hakuwahi kukanyaga uani kwa Valentino. Hilo nalo Yusta hakuwahi kujiuliza.

Jumapili walimkuta akichagua maharage kwenye ungo, nyuma ya nyumba, mahali mkonge unapoanzia. Valentino alibaki amesimama, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama Edna," Yusta alisalimia.

"Marahaba mwanangu. Karibu." Alimkaribisha mmoja tu.

Yusta alisoma insha aliyoiandika upya usiku. Alipofika pale aliposema "aliyeshika usukani ni Valentino, baba yangu, na aliinua plau mara moja tu," alimtazama Josefina. Josefina aliendelea kuokota vijiwe.

"Hayo nayajua. Kambi nzima inayajua, ulikuwa hujui wewe tu. Mtoto habebeshwi mzigo wa mzazi wake."

Akaweka ungo chini, akamtazama Valentino usoni.

"Wewe sikukaribishi. Sijaweza, na sijui kama nitaweza. Nina neno moja tu. Mkonge umekua, kila nikiingia humo napotea. Wewe ulikuwa juu, uliona chini. Edna wangu yuko wapi?"

Valentino alivaa kofia, akaivua. Akanyoosha mkono kuelekea mistari ya mkonge, iliyonyooka vilevile alivyoilima yeye. Kidole kilisimama upande wa kushoto. Josefina akainuka, akapiga hatua kukifuata. Kidole kikasogea katikati, kikaenda kulia.

"Wapi?" Josefina aliuliza taratibu.

Yusta alikunja karatasi yake. Mkono wa baba ulikuwa bado hewani, unatafuta.