Kiganja Kimoja cha Pakanga

Flaviana alikuwa katika mwaka wa pili wa kumhudumia Profesa Shen, katika nyumba ya binti wa mzee huyo huko Germantown, Marekani. Alimwogesha, akampa vidonge vyake, akamkatia matunda vipande vidogo. Mzee alikuwa na miaka themanini na nane na bado anaandika kitabu juu ya elimu ya Wachina wa kale. Mikono ilimtetemeka, kwa hiyo yeye alitamka, naye Flaviana akaandika kwenye kompyuta. Kazi hiyo haikuwa kwenye mkataba, lakini aliipenda. Alikuwa ameshajifunza habari za chombo cha shaba kilichotambua tetemeko la ardhi lililotokea mbali sana.

Asubuhi moja ya Machi walifika kwenye sura ya homa.

"Andika," alisema Profesa. "Majani ya mmea wa pakanga, kiganja kimoja. Loweka kwenye maji, vibaba viwili. Kamua, unywe yote. Dawa ya homa ya vipindi. Tabibu mmoja aliandika hivyo karibu miaka elfu moja na mia saba iliyopita."

"Homa ya vipindi ndiyo ipi?"

"Malaria. Miaka ya sabini wanasayansi wetu waliusoma mstari huu, wakaipata dawa yenyewe. Kwenu mnaitumia."

Flaviana aliacha kuandika. "Vile vidonge vya njano?"

"Dawa hiyo imo ndani yake."

Vidonge vya njano, dawa mseto, vilifika zahanati ya kijijini kwao Muleba mwaka 2007. Leokadia, mtoto wake wa kwanza, alizikwa Juni 2006 akiwa na miaka minne.

"Miaka ya sabini," alirudia. "Una hakika?"

Kisha akamweleza habari za mtoto huyo, jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu yeyote Marekani. Zahanati walimpa SP, dawa ya malaria ya wakati huo, akamnywesha mtoto kama alivyoelekezwa, akasubiri siku tatu homa ishuke. Degedege lilipoanza alimfunga mgongoni akakimbilia hospitali. Alipomshusha, mtoto alikuwa ameshakata roho. Silvanus, mumewe, aliyekuwa kibaruani Mwanza, alifika siku ya mazishi akamuuliza swali moja tu: "Ulikuwa unasubiri nini?" Tangu hapo hawakumtaja tena mtoto yule.

"Vimelea vilikuwa vimeshaizoea SP," alisema Profesa taratibu. "Sehemu nyingi ilikuwa haitibu tena."

"Kwa hiyo si mimi niliyechelewa?"

"Sijui, Flaviana. Ninachojua ni kwamba ulipewa dawa iliyochoka, wakati nzuri ilikuwepo duniani."

Alitegemea moyo utulie. Badala yake ulimuuma upya, mahali pengine.

Profesa alifunga kitabu cha yule tabibu wa kale, alichokuwa akikisoma. "Baba yangu alikuwa tabibu. Kitabu hiki kilikuwa rafuni kwetu. Dada yangu alipougua homa hiyo, baba alimchemshia pakanga kila siku. Mstari unasema kamua, hausemi chemsha. Moto unaiharibu dawa. Dada alikufa ana miaka tisa."

"Baba yako alikuja kujua?"

"Nilipojua mimi, nilimwandikia barua. Hakujibu. Akafa mwaka uliofuata." Alitazama dirishani. "Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema."

Saa kumi alimkabidhi mzee kwa binti yake, akaendesha gari hadi nyumbani kwake Bladensburg akijiuliza kama naye aseme au anyamaze. Silvanus alikuwa akipiga pasi sare yake ya ulinzi. Flaviana alimwambia yote akiwa amesimama mlangoni, hata koti hajavua.

Silvanus alizima pasi. "Ile dawa ilikuwa haifanyi kazi?"

"Ndivyo alivyosema Profesa."

"Na mimi nikakuuliza vile. Mbele ya mama yako."

Miaka karibu ishirini Flaviana alikuwa akiyasubiri maneno hayo. Sasa aliyasikia, akamwona mume wake amezeeka, akakosa hata chembe ya furaha.

Silvanus aliketi sakafuni, mgongo ukutani. Kisha akauliza, "Siku ile ya mwisho, alisema nini?"

"Aliomba senene wa kukaanga. Nikamwambia, mama, si msimu wake."

"Senene," alisema Silvanus, akafunika uso kwa mikono miwili. Flaviana aliketi karibu naye, bado amevaa koti lake. Ilipofika saa ya kwenda zamu, Silvanus alipiga simu kazini akasema leo haji, ana msiba. Alipoulizwa nani amefariki, alijibu, "Binti yangu."