Riga Haijakamilika Bado

Visvaldis Strautmanis alikuwa akila kwa mdomo wake. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amewatembeza watu katika Riga ya kale akiwaeleza nani alijenga nini, nani alimchomea nani nyumba, na mafuriko ya mwaka gani yaliingia kanisani mpaka kwenye madhabahu. Aliweza kuzungumza saa tatu mfululizo bila kumeza mate. Lakini mweke mbele ya Mirdza, muuza maua wa soko lile la karibu na bustani, umwambie aseme sentensi moja tu inayomhusu yeye mwenyewe, basi utamhurumia. Ulimi ulimganda.

Na sentensi yenyewe ilikuwa imebakiza siku tatu. Jumamosi Mirdza alikuwa anahamia Ayalandi kwa binti yake, Inga. Tiketi ilikwisha kukatwa, kibanda alikwisha kumkabidhi mpwa wake. Kwa miaka sita, yeye mgane na mwenzake mjane, Visvaldis alikuwa akimalizia kila ziara mbele ya kibanda kile, akiwaambia wageni kwamba maua ya hapa hudumu kuliko ya kwingine kote. Yeye mwenyewe alinunua ua moja kila Ijumaa, akaliweka kwenye gilasi jikoni na kulitazama mpaka Alhamisi. Hapo akajiona amechumbia! Wanaume wetu ndivyo walivyo. Atakupasulia kuni za msimu mzima kabla hajakuambia anakupenda, kisha atashangaa kwa nini hukujua.

Jumatano ile alijikaza. Asubuhi alinunua mawaridi kumi na moja. Kwa Mirdza asingeweza kuyanunua, hivyo akaenda kwa Austra, mshindani wa Mirdza wa upande wa pili wa soko, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akalipa na kuondoka haraka. Aliyahesabu mara mbili. Kwetu maua ya mtu aliye hai huwa ni hesabu isiyogawanyika kwa mbili: matatu, matano, saba. Yanayogawanyika ni ya kupeleka makaburini. Hilo mtoto hulijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Aliyaficha kwenye mkoba wake wa kitambaa, chini ya mwavuli, akapanga kwamba ziara ikiisha atasimama mbele ya kibanda, atayatoa na kusema.

Wageni wa siku ile walikuwa watu wa nyumbani, kwaya ya wastaafu kutoka mji wa Kuldīga, watu kumi na wawili wenye viatu vya maana na chupa za chai. Kiongozi wao alikuwa Skaidrīte, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyokosa kitu. Walikutana chini ya saa kubwa pale wanapokutania wapenzi. Visvaldis alikuwa ameshafungua mdomo kuwakaribisha aliposikia sauti nyuma ya kundi.

"Kuna nafasi ya mtu mmoja?"

Alikuwa Mirdza. Hakuwa na aproni, ila koti la buluu, na nywele amezitengeneza.

"Wewe?" alisema Visvaldis. "Unataka ziara? Si umezaliwa hapahapa?"

"Nimezaliwa hapa, nimeolewa hapa, nimezika hapa. Ila sijawahi kutembezwa. Miaka yote hii nawauzia maua watu uliowatembeza, wanakuja wamejaa maneno yako. Nikasema nisiondoke bila kujua huwa unawaambia nini."

"Unaondoka kwenda wapi?" aliuliza Skaidrīte, ambaye hakuona sababu ya kujifanya hakusikia.

"Ayalandi, mama. Jumamosi."

"Kwa siku ngapi?"

"Zilizobaki."

Visvaldis akageuka akaanza kutembea, na kwaya ikamfuata. Tangu hapo ziara ikaenda mrama. Langoni alichanganya karne mbili. Kwenye mnara wa baruti alisahau kutaja baruti. Wanakwaya walitazamana, lakini wetu ni watu wa adabu, hawamkosoi mtu mbele ya umma, humngojea ageuke.

Aliposimama chini ya kanisa kuu akapata nafuu kidogo, maana hadithi ya jogoo wa juu ya mnara angeweza kuisimulia hata usingizini. Akaeleza kwamba zamani jogoo yule alikuwa na ubavu wa dhahabu na ubavu mweusi. Upepo mzuri ukivuma, mji uliona dhahabu na kujua merikebu zinaingia. Ukivuma mbaya, waliona weusi, wakajua leo hakuna atakayefika.

"Na leo tunaona upande gani?" aliuliza Mirdza.

Visvaldis alitazama juu muda mrefu kupita kiasi. "Leo... leo kuna mawingu," alisema, na kuwaongoza mbele.

Kwenye nyumba yenye paka wa chuma juu ya paa ndipo Mirdza alipoanza kumsumbua kwelikweli. Visvaldis alisimulia kama kawaida: mfanyabiashara alikataliwa kujiunga na chama cha matajiri wenzake, hasira zikampanda, akajenga nyumba ng'ambo ya barabara na kuweka paka juu ya paa, mikia juu, matako yakiwaelekea.

"Ngoja nielewe," Mirdza alisema. "Alibisha hodi mara ngapi?"

"Nani?"

"Huyo tajiri. Alibisha mara ngapi kabla ya kununua paka?"

"Nadhani mara moja."

"Mara moja!" Mirdza aliwageukia wanawake wa kwaya. "Mwanamume wa Riga huyo. Yuko radhi anunue paka wa chuma wa kukaa miaka mia, kuliko abishe hodi mara ya pili."

Wanawake walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Visvaldis pia alicheka, ila masikio yalimuwaka moto. Alikuwa hajabisha hata mara moja, na alijua kwamba Mirdza anajua.

Walipofika kwenye zile nyumba tatu za kale zilizosimama bega kwa bega, Ojārs, mzee wa sauti ya besi, alijipiga paji la uso. "Jamani! Leo tarehe ngapi? Leo si siku ya jina la Skaidrīte?"

Kwetu kila jina lina siku yake katika kalenda, na kuisahau siku ya jina la mtu uliyepanda naye basi moja ni jambo la kukufanya uingie chini ya meza. Kalenda ya mfukoni ikatolewa, ikathibitisha. Kwaya ikajipanga palepale barabarani bila kuambiwa, soprano huku, besi kule, wakamwimbia. Mtu mmoja aliyekuwa akiendesha baiskeli alishuka, akavua kofia na kungoja. Visvaldis ana udhaifu huo, akisikia watu wakiimba vizuri moyo wake hulegea kama mkate ndani ya maziwa.

Wimbo ulipokwisha, kila mtu aliona kilichokosekana. Skaidrīte alikuwa amesimama katikati yao, macho mekundu, mikono mitupu. Kuimbiwa bila ua mkononi kwetu ni sawa na kualikwa chakula ukapewa sahani bila kitu. Wenzake wote walitazama chini. Basi Visvaldis, bila kufikiri, akaingiza mkono mkobani, akachomoa waridi moja na kumpa Skaidrīte huku ameinama kidogo.

"Hongera kwa siku ya jina lako, mwalimu."

"Mungu wangu, Bwana Visvaldis! Ulijua?"

"Mtembeza watu lazima ajue kila kitu," alisema, akavimba kichwa kidogo. Wakampigia makofi. Mirdza hakupiga. Alikuwa akiitazama karatasi ya kufungia maua iliyochungulia mkobani.

"Karatasi ya Austra hiyo," alimnong'oneza alipompita.

Visvaldis alishindilia mwavuli juu ya karatasi, akaongeza mwendo.

Wakafika mtoni. Daugava ulikuwa mpana na wa kijivu, na upepo uliwapekua makoti. Hapo huwa anasimulia hadithi ambayo kila mtu wa nchi hii alinyonya pamoja na maziwa: kwamba kila baada ya miaka mia sauti hutoka mtoni na kuuliza, na mtu wa kwanza kuisikia lazima ajibu vizuri, la sivyo mji wote utazama.

"Nayo huuliza," alisema Visvaldis, akanyamaza, "Je, Riga imekamilika?"

"Bado!" iliitika kwaya, sauti nne.

"Na ndiyo maana kila mwaka barabara yangu inachimbwa upya," alisema Ojārs. "Nilidhani ni uzembe, kumbe wanatuokoa."

Wakacheka, wakatawanyika kupiga picha. Mirdza peke yake hakuwa ameitika. Alisimama kwenye ukingo akitazama maji, na Visvaldis akasogea karibu naye.

"Mimi nimekamilisha," alisema Mirdza polepole. "Mizigo nimefunga. Vyombo nimegawa. Jana nilikaa jikoni nikajiuliza kama kuna kitu nimekisahau, nikakosa. Wewe unaona kuna kitu nimesahau, Visvaldis?"

Hapo ndipo ilipopaswa kusemwa. Mkono ulikuwa mkobani, umeshika mashina. Mwanamke mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango na kusimama kando. Na Visvaldis, maskini ya Mungu, akakohoa, akasema, "Hapa mto una kina cha mita tisa hivi."

Mirdza alimtazama. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Asante," alisema. "Sikujua." Akafunga kifungo cha juu cha koti lake.

Njia iliyobaki Visvaldis aliipita akijitukana kimoyomoyo kwa matusi ambayo hayapatikani katika kitabu chochote cha historia. Walipofika sokoni, mpwa wa Mirdza alikuwa kibandani akinyunyizia maua maji. Visvaldis aliwageukia wanakwaya na kutoa yale maneno yake ya kufungia ziara, kwamba maua ya hapa hudumu, akawashukuru. Mkoba aliushika vilevile. Mirdza naye alimshukuru, akampa mkono, kama mtu anavyomshukuru daktari wa meno.

"Bwana Visvaldis," alisema Skaidrīte kwa sauti ya darasani. "Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minane. Mtoto aliyeficha kitu mkobani namjua. Hebu kitoe."

"Mwalimu, mimi..."

"Kitoe."

Akakitoa. Karatasi ya Austra ilikuwa imekunjamana na jani moja limevunjika. Aliyanyoosha mawaridi mbele yake kwa mikono yote miwili, na zile sentensi tatu alizojifunza mbele ya kioo zote zikamtoroka.

Mirdza aliyapokea, na vidole vyake vikafanya vilichozoea kufanya kwa miaka thelathini, vikapita juu ya mashina moja moja kabla mwenyewe hajavituma. Vikafika mwisho. Akarudia tena, polepole. Uso ukambadilika.

"Kumi," alisema.

Kwaya nzima iliguna. Skaidrīte alilitazama waridi lililokuwa mkononi mwake, akaziba mdomo.

"Visvaldis," alisema Mirdza. "Mimi nahama tu. Sijafa."

Visvaldis alimtazama yeye, akayatazama maua, akaelewa alichofanya kule kwenye zile nyumba tatu. Angeweza kueleza. Kueleza ndiyo kazi yake. Badala yake kikamtoka kitu ambacho hakuwahi kukifanyia mazoezi.

"Kwangu mimi ni kitu kimoja," alisema.

Mpwa aliacha maji yamwagike juu ya viatu vyake. Visvaldis alimsogelea hatua moja. "Usiende, Mirdza. Miaka sita naleta watu hapa, na si kwa sababu ya maua. Mimi nakupenda. Nilitaka kusema pale mtoni, nikasema kina."

"Mita tisa," alisema Mirdza.

Skaidrīte alikuwa amenyoosha waridi lake kulirudisha, lakini Mirdza alimzuia. "La kwako ni lako, mwalimu. Umeimbiwa." Kisha akachomoa waridi moja kutoka katika yale kumi, akalivunja shina kwa kidole gumba kama alivyofanya maelfu ya mara, akalitia kwenye tundu la kifungo cha koti la Visvaldis na kulinyoosha vizuri. Mkono wake ukabaki pale juu ya koti.

"Tisa," alisema. "Haya nayapokea."

"Na Inga?" aliuliza Visvaldis.

"Nitampigia leo. Nitamwambia nitakuja Krismasi, wiki mbili, nile, nirudi. Huyo atafurahi kuliko unavyodhani, amechoka kuniuliza kwenye simu kama yule mzee wa mwavuli ameshasema." Alifuta jicho kwa kiganja. "Na kwa Austra usirudi tena. Tazama alivyokata mashina, kama ametumia meno."

Wanawake wa kwaya walikuwa wakilia waziwazi, na wanaume walikuwa wakikagua anga. Ojārs alitazama saa yake, akakohoa kwa heshima.

"Samahani, basi letu linaondoka saa kumi. Ziara ndiyo imekwisha?"

Visvaldis alifungua mdomo kujibu. Mirdza akamshika mkono.

"Bado," alijibu.