Mashahidi Elfu Arobaini

Aki sijui nianzie wapi. Mkono wangu bado umefura kama mandazi na mimi nacheka tu. Wacha nianze na barua, kwa sababu ni mimi niliichapa.

Mutindi amemaliza miaka minne kwa kampuni yetu ya asali huku Kyuso, akijaza chupa na kubandika lebo. Ana diploma ya ufugaji wa nyuki. Babake alimzoesha mizinga kabla hata ajue kuandika jina lake. Sasa ikatokea nafasi ya afisa wa nyanjani, yule wa kuzunguka kwa wakulima akikagua mizinga, mshahara karibu mara mbili. Mutindi akaomba. Akapewa nani? Kitonga! Kitonga ambaye Mutindi ndiye alimwonyesha kuvaa ile kofia ya wavu, maana siku ya kwanza aliivaa nyuma mbele.

Mutindi akauliza kwa nini amekataliwa. Bosi wetu Musyimi akaniita ofisini.

"Kanini, andika. Kampuni haina shida na wanawake. Shida iko kwa nyuki. Nyuki hazitaki mwanamke."

"Zimesema, bosi?"

"Kuna moja umesikia ikipinga?"

Nikaandika. Ningefanya nini na hata sijathibitishwa kazini? Mutindi akasoma hiyo barua amesimama, akaikunja mara nne, akaniambia pole pole, "Mwana wa mama, usijali. Weka muhuri tu ionekane ni ya kampuni." Kesho yake akafika Kitui mjini kwa afisa wa leba, yule wa kesi za wafanyakazi.

Afisa mwenyewe anaitwa Madam Wamaitha, mama wa Nyeri, miwani imening'inia kwa kamba, hapandishi sauti hata kidogo. Akatuita sote, mimi nikiwa wa kuandika. Musyimi alikuwa amejipanga, na tai juu.

"Madam, sheria yenyewe inaniruhusu kuchagua mtu kulingana na kazi inavyotaka. Na hii kazi inataka kitu kimoja. Mtu apendwe na nyuki. Tangu zamani Ukambani mwanamke hapandi mti wa mzinga."

"Nimekuelewa," Madam akasema. "Lakini sheria hiyo hiyo, Sheria ya Ajira, kifungu cha tano, inasema mfanyakazi akilalamika amebaguliwa, mwajiri ndiye anathibitisha hajabagua. Si huyu dada. Ni wewe."

"Nithibitishe aje sasa?"

"Lete ushahidi. Jumanne."

Mtu mwingine angeleta makaratasi.

Jumanne Musyimi akaleta mzinga. Gogo zima, na nyuki ndani, mdomo umezibwa na soksi ya Kitonga, kutoka Kyuso mpaka Kitui nyuma ya pikapu, na lile jua! Askari wa geti akakataa hiyo kitu iingie bila kuandikishwa kwa kitabu cha wageni.

"Jina?"

"Nyuki," Kitonga akasema.

"Wako wangapi?"

Kitonga akaangalia gogo. "Elfu arobaini hivi."

Askari akaandika. "Namba ya simu?"

"Weka ya bosi."

Basi wakaingia nayo, Kitonga upande huu, Musyimi upande ule, wakaiweka katikati ya ofisi kama jeneza. Madam Wamaitha akavaa miwani.

"Bwana Musyimi, hii ni nini?"

"Shahidi, Madam. Mutindi afungue hapa mbele yako ujionee vile zinamchukia."

"Asi!" Mutindi akasema. "Nyuki zimechomwa na jua masaa matatu, hata mimi ningekuchukia."

"Toeni nje," Madam akaamuru. "Sasa hivi."

Kitonga akainua. Akashika soksi. Gogo likabaki chini, soksi ikabaki mkononi mwake, na mashahidi wote wakatoka pamoja.

Wueh! Mimi nilijipata chini ya meza na sikumbuki kuinama. Madam Wamaitha alikuwa hapo tayari. Musyimi akajisukuma katikati yetu na tumbo lake lote. Kitonga tulimsikia tu akifunga mlango wa pikapu, na huko ndiko kulikuwa na kofia ya wavu na bomba la moshi la kutuliza nyuki. Mutindi pekee alikaa kwa kiti, akajifunika leso kichwani, mikono magotini, anapumua taratibu.

"Msipigepige mikono," akatuambia. "Tulieni."

Alikuwa ameumwa mara mbili shingoni. Madam mara moja, mimi mara tatu, Musyimi nne, zote kwa sikio moja.

"Kanini, uko na kalamu?" Madam akauliza. "Andika. Wanawake wameumwa. Wanaume wameumwa. Shahidi hajabagua mtu."

Nikaandikia kwa goti.

"Hiyo tutaongea baadaye," Musyimi akalia. "Mutindi, toa hizi vitu!"

"Bosi, hiyo ni kazi ya afisa wa nyanjani. Mimi ni wa chupa."

Musyimi akatoa simu akampigia Kitonga, mita kumi kutoka hapo. Tukasikia sote: "Bosi, mimi leo sijisikii vizuri. Nahesabu hii kama likizo."

Moja ikatua kwa tai ya Musyimi ikaanza kupanda. Akaiangalia mpaka macho yakakutana.

"Sawa! Mpatie kazi! Andika!"

"Kwa mshahara gani?" Madam akauliza.

"Tumpunguzie kidogo, kwa sababu hawezi kupanda miti mire... aii! Sikio! Sawa na Kitonga! Sawa sawa kabisa!"

"Bwana Musyimi, kuna mtu anakulazimisha?"

"Nyuki!"

"Nyuki ni shahidi wako. Ulimleta mwenyewe."

Akasaini. Nikamsukumia Mutindi ile karatasi sakafuni. Akaiokota, akaiweka juu ya magoti yake, akasoma mstari kwa mstari, nyuki zinatembea kwa leso kama ziko kwake nyumbani.

"Hapa imeandikwa naanza tarehe moja mwezi ujao."

"Ndiyo!" Musyimi akasema.

"Haya. Basi nitazitoa mwezi ujao."

Mimi nilicheka mpaka nikagonga kichwa kwa meza. Musyimi alininyang'anya kalamu, akaivuta karatasi, akakata tarehe mwenyewe, akaandika ya leo, akachora mstari chini mara mbili. Madam Wamaitha akasema barua bila muhuri wa kampuni hapokei, na muhuri nilikuwa nimeuacha juu ya meza, chini ya nyuki.

Mutindi akanyoosha mkono pole pole, akazisongesha na kidole moja moja kama mtu anachambua mchele, akatuteremshia muhuri.

"Si unaona!" Musyimi akapiga kelele. "Anaweza! Anaweza kabisa!"

"Kanini," Madam akasema, "hiyo pia andika."

Nilipogonga muhuri, Mutindi akachukua barua, akaipuliza ikauka, akaikunja, akaitia kifuani. Ndiyo akasimama. Akatembea mpaka kwa pikapu bila haraka, akabisha kwa kioo. Kitonga akateremsha kioo upana wa kidole.

"Kofia," Mutindi akamwambia. "Na bomba la moshi. Na hiyo soksi ingine, nitaihitaji kuwasha moshi."

"Na mimi nitafanya kazi gani?"

"Chupa ziko nyingi, Kitonga. Nitakuonyesha vile lebo inabandikwa."